Mfupa wa Pengo: Kuhifadhi Taya Baada ya Kung'oa Jino

Taya la binadamu lina sehemu mbili za mfupa zilizoungana kiasi kwamba jicho haliwezi kuzitenganisha. Ya kwanza ni mfupa mkuu, unaobeba misuli ya kutafunia na kuupa uso umbo. Huo hudumu maisha yote. Ya pili ni tuta la mfupa lililoinuka juu yake, lenye matundu ambamo mizizi ya meno imezama. Tuta hili huinuka meno yanapoota, hukaa kwa sababu ya meno, na meno yakiondoka hunywea. Likitoka jino moja, hunywea mahali hapo. Yakiisha yote, hunywea lote, mwaka hadi mwaka. Sura ya kibogoyo, yenye mashavu yaliyoingia ndani na kidevu kinachoikaribia pua, haikuletwa na uzee peke yake. Ni sura ya tuta lililokwisha.

Mwaka 1972 Antje Tallgren alichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 25 watu waliovaa seti kamili za meno ya bandia. Mfupa wao ulipungua kwa kasi zaidi mwanzoni, lakini haukukoma kupungua baadaye, na upungufu wa sehemu ya mbele ya taya la chini ulikuwa takriban mara nne ya ule wa taya la juu. Ndiyo sababu meno ya bandia ya chini yaliyokaa sawasawa siku ya kwanza huanza kuchezacheza baada ya miaka michache, kisha huchubua ufizi, mpaka mwenye nayo huyavua ili aweze kula. Waswahili walikwisha kusema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Kwa upande wa mfupa, msemo huo ni kweli tupu: meno ya bandia hujaza nafasi inayoonekana, lakini hayauchochei mfupa ulio chini yake ujijenge.

Chanzo cha hayo kimo katika namna jino linavyoshikwa. Jino halikupigiliwa mfupani kama msumari kwenye ubao. Limetundikwa kwa nyuzi laini nyingi mno, ncha moja ya kila uzi ikiwa ndani ya mzizi na nyingine ndani ya ukuta wa tundu. Mtu anapotafuna nyuzi huvutwa, na mvuto huo ndio unaoufanya mfupa uendelee kujijenga. Tabaka la ndani la ukuta, lile ambalo nyuzi zimejichimbia, lipo kwa kazi hiyo tu. Jino likitolewa, nyuzi hukatika pamoja na vishipa vya damu vilivyopita katikati yake, na tabaka hilo hubaki bila kazi na bila chakula. Seli zinazokula mfupa huja kuliondoa.

Hasara ingekuwa ndogo kama kuta zote za tundu zingekuwa nene. Lakini ukuta wa nje, ule wa upande wa mdomo na shavu, ni mwembamba mno. Kwenye meno ya mbele ya juu, kwa watu wengi haufiki milimita 1, na karibu na ufizi hauna kitu kingine ila lile tabaka la nyuzi. Tabaka likienda, ukuta umekwenda. Mauricio Araújo na Jan Lindhe walilionyesha jambo hili mwaka 2005 kwa kuchunguza chini ya hadubini mataya ya mbwa waliong'olewa meno: katika wiki 8 tu ukuta wa nje ulikuwa umeshuka, na wa upande wa ulimi ulikuwa umesimama karibu kama ulivyokuwa. Mwaka 2013 Vivianne Chappuis na wenzake wa Bern, Uswisi, waliwapima binadamu kwa picha za eksirei za pande tatu. Waliokuwa na ukuta wa nje wa milimita 1 au pungufu walipoteza kimo cha kama milimita 7.5 katikati ya ukuta huo ndani ya wiki 8. Waliokuwa na ukuta mnene zaidi ya hapo walipoteza kama milimita 1.1.

Jambo linalowachanganya wengi, hata baadhi ya wahudumu wa afya, ni kwamba tundu la jino hupona vizuri kabisa huku tuta likipotea. Dakika chache baada ya jino kutoka, donge la damu huliziba tundu. Katika wiki ya kwanza donge hilo huanza kugeuka nyama changa yenye vishipa vipya. Kuanzia wiki ya pili, mfupa mchanga huota kutoka chini na pembeni ukielekea katikati. Ufizi hufunga juu yake baada ya wiki tatu hadi tano, na baada ya miezi kadhaa ndani mnakuwa na mfupa uliokomaa. Mgonjwa akijitazama kwenye kioo huona pengo safi, lisilouma. Ila wakati ndani kunajengwa, nje kunabomolewa, na ubomozi hutangulia ujenzi. Kinachobaki ni tuta lililopona, lakini jembamba, fupi, lililorudi nyuma upande wa ulimi.

Vipimo vya watu halisi vinalingana na maelezo hayo. Mwaka 2003 Lars Schropp na wenzake nchini Denmark walichapisha habari za wagonjwa 46 waliong'olewa magego, makubwa na madogo. Upana wa tuta ulishuka kutoka wastani wa milimita 12 hadi 5.9 katika mwaka mmoja, yaani nusu, na theluthi mbili za hasara hiyo zilitokea katika miezi mitatu ya kwanza. Anayesubiri mwaka mzima ndipo afikirie kuliziba pengo anakuta sehemu kubwa ya mfupa imekwisha kwenda. Jino la kupandikiza, yaani skrubu ya titani inayozamishwa mfupani na kuvishwa taji juu, kwa kawaida lina kipenyo cha milimita 4 hivi, na linahitaji mfupa wa kutosha kulizunguka kila upande. Tuta la milimita 5 halitoshi. Huko nyuma kwenye taya la juu kuna tatizo la pili: uwazi wenye hewa ulio juu ya mizizi ya magego hushuka magego yakiondoka, na mfupa hupungua kutoka juu na kutoka chini kwa pamoja.

Wazo la kujaza pengo la mfupa kwa kitu kingine ni la zamani. Katika kitabu cha mwaka 1668 cha Job van Meekeren, mpasuaji wa Amsterdam, kuna kisa cha askari aliyezibwa fuvu kwa kipande cha mfupa wa mbwa, kisha kanisa likamkataa kwa kubeba kiungo cha mnyama. Mwaka 1892 Dreesmann wa Ujerumani alieleza jinsi alivyojaza mashimo ya mifupa kwa plasta ileile inayotumika kufungia mguu uliovunjika. Hatua kubwa ilikuja mwaka 1965, pale Marshall Urist wa Marekani alipoonyesha kwamba mfupa uliotolewa madini yake na kuwekwa ndani ya msuli, mahali ambapo mfupa hauoti kamwe, huzifanya seli za hapo zijenge mfupa mpya. Ilidhihirika kwamba ndani ya mfupa mmefichwa protini zinazoamuru ujenzi.

Katika tundu la jino, kijazo hufanya kazi ya kiunzi. Huingizwa kikiwa chembechembe, nyingi zikiwa kati ya robo milimita na milimita moja, na donge la damu hujipenyeza katikati yake. Vishipa vya damu hupita kwenye nafasi zilizobaki, seli zijengazo mfupa hutambaa juu ya chembe hizo, na mfupa mchanga huzizunguka. Wakati huohuo chembe huzuia ufizi usitumbukie ndani ya tundu. Baadhi ya vijazo huwa na zile protini alizozigundua Urist na huita seli za ujenzi. Vingi havina, kazi yake ni kushikilia nafasi tu. Hili la kushikilia nafasi ndilo linalohitaji kueleweka zaidi. Kijazo hakiuzuii ukuta wa nje kuliwa, kwa sababu hakirudishi nyuzi zilizokatika. Kinachofanya ni kufidia: ukuta unapoondoka, chembe zilizo nyuma yake hubaki zimeushikilia upana. Hata kupandikiza jino siku ileile ya kung'oa, jambo ambalo wengi hulisifu kuwa huuzuia mfupa usipungue, hakuuzuii ukuta huo kuliwa. Majaribio yamelionyesha hilo waziwazi.

Vijazo hutofautiana kwa asili yake. Mfupa wa mgonjwa mwenyewe, unaokwanguliwa kidevuni au nyuma ya taya, una seli hai na haukataliwi na mwili. Lakini kuupata ni kufungua kidonda cha pili, na ndani ya tundu huyeyuka upesi mno. Kwa shimo dogo la jino moja ni vigumu kuitetea gharama hiyo. Mfupa wa binadamu mwingine hutoka kwa waliojitolea kabla ya kufa. Benki za tishu huupima magonjwa, huusafisha na kuukausha kwa baridi, na baadhi huupiga mionzi. Mfupa wa ng'ombe huondolewa protini zote, ukabaki mchanga wa madini wenye vitundu vinavyofanana sana na vya mfupa wa mtu. Huo huyeyuka polepole mno: chembe zake huonekana zingali ndani ya taya baada ya miaka mingi. Wanaoupenda huusifu kwa sababu hiyo, kwani unalinda umbo. Wanaoukosoa hutoa sababu hiyohiyo, kwani mahali penye chembe ambazo hazikuyeyuka hapajawa mfupa hai. Kwenye meno ya mbele, ambako umbo la ufizi huonekana mtu akicheka, ulinzi wa umbo unastahili kupewa uzito zaidi.

Vipo pia vijazo vinavyotengenezwa kiwandani kwa chumvi za kalisi na fosfeti, na vioo maalumu ambavyo Larry Hench alianza kuvitengeneza mwaka 1969, vinavyoshikamana na mfupa. Plasta ya Dreesmann bado inatumika; ni rahisi, lakini huyeyuka ndani ya wiki chache, kabla mfupa mpya haujawa na nguvu. Njia mbili mpya zaidi hutegemea mwili wa mgonjwa mwenyewe. Ya kwanza ilielezwa Ufaransa mwaka 2001 na Joseph Choukroun na wenzake: damu huchotwa mkononi, huzungushwa kwa mashine bila dawa yoyote ya kuizuia kuganda, na kutoa utando mnene wa njano uliojaa chembe za kuponyesha. Husaidia ufizi kufunga na kupunguza maumivu. Kwa kushikilia upana wa mfupa, peke yake haufikii kijazo cha chembe. Ya pili ni kulitumia jino lenyewe. Jino lililong'olewa huondolewa uozo na kijazio cha zamani, husagwa, husafishwa kwa dawa na kurudishwa kwenye tundu lake. Madini na protini za jino zinafanana mno na za mfupa, na mwili hulipokea.

Kazi huanza kabla ya kijazo kufunguliwa, na mafanikio yake hutegemea zaidi mkono unaong'oa kuliko unga unaowekwa. Jino linalosukumwa kwa koleo nje na ndani kwa nguvu hutoka, lakini mara nyingi huuvunja ukuta uleule mwembamba unaotakiwa kuokolewa. Namna iliyo salama ni kukata kwanza nyuzi zinazolishika kwa kisu chembamba kinachoingia kati ya mzizi na mfupa, kulilegeza taratibu, na kama ni gego, kugawanya mizizi yake kwa mashine na kuitoa mmoja mmoja. Ufizi hauchanwi wala kubanduliwa pasipo lazima, kwa kuwa ngozi inayoufunika mfupa ndiyo inayouletea damu ukuta wa nje. Kisha tundu hukwanguliwa hadi nyama yote ya ugonjwa itoke, na husafishwa kwa maji ya chumvi. Kuta hupapaswa kwa kipimo kuona kama zipo zote. Kijazo huwekwa bila kushindiliwa, maana chembe zilizobanana hazina njia ya damu, na mahali pasipo damu hapaoti mfupa.

Juu ya kijazo huwekwa kifuniko: sifongo au utando wa kolajeni unaoyeyuka wenyewe, utando wa plastiki laini unaotolewa baada ya wiki tatu au nne, au kipande kidogo cha ufizi kilichokatwa kwenye kaakaa la mgonjwa. Hushonwa kwa nyuzi zilizopishana, na si lazima ufizi uvutwe mpaka ukutane. Siku ya kwanza mgonjwa hasukutui, na kwa siku kadhaa hanyonyi kinywaji kwa mrija. Chembe chache zikitoka mdomoni katika siku za mwanzo si hatari. Uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu, au usaha, ni sababu ya kurudi kliniki siku hiyohiyo. Baada ya hapo ni subira ya miezi minne hadi sita.

Faida ipo, na inapimika. Katika utafiti wa James Iasella na wenzake wa mwaka 2003, matuta yaliyojazwa mfupa wa binadamu uliokaushwa na kufunikwa utando yalishuka upana kutoka milimita 9.2 hadi 8.0, yaliyoachwa yapone yenyewe yalishuka kutoka 9.1 hadi 6.4. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa baadaye yanakadiria kwamba kijazo huokoa takriban milimita 2 za upana, na karibu kiasi hichohicho cha kimo upande wa nje. Milimita 2 ni kidogo kwenye rula. Kwenye taya ndizo zinazoamua kama jino la kupandikiza litaingia kwa kazi moja au litahitaji upasuaji wa pili wa kujenga mfupa. Hata hivyo, daktari anayeahidi kwamba kijazo kitalibakiza tuta lote anaahidi kisichokuwepo, na baadhi ya waliojazwa bado huhitaji nyongeza ya mfupa baadaye.

Si kila tundu linahitaji kujazwa. Gego la mwisho halihitaji, kwa kawaida, kwa kuwa mahali pake hapatawekwa kitu. Penye kuta nene nne zilizo kamili, na mgonjwa atakayepandikizwa jino baada ya wiki sita hadi nane, donge la damu la kawaida linaweza kutosha. Tundu lenye usaha mwingi husafishwa kwanza na kupewa muda. Chembe zilizowekwa juu ya maambukizi huishia kuzungukwa na nyama badala ya mfupa. Mvutaji sigara hupona vibaya, na mwenye kisukari kisichodhibitiwa vilevile. Aliyepigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni, au anayetumia dawa za kuimarisha mifupa ziitwazo bisfosfoneti, hasa za sindano, hapaswi hata kung'olewa jino bila daktari kujua habari hizo, kwa kuwa mfupa wa taya lake unaweza kufa.

Ridhaa ya mgonjwa ina upande ambao mara nyingi hurukwa. Kijazo cha ng'ombe hutajwa kwa jina lake, mgonjwa akakubali, lakini utando unaokifunika mara nyingi umetokana na kolajeni ya nguruwe. Kwa Mwislamu hilo si jambo dogo, kama ambavyo ng'ombe si jambo dogo kwa Mhindu, na mfupa wa marehemu kwa wengine wengi. Asili ya kila kitu kinachoingia mdomoni inapaswa kusemwa kwa lugha anayoielewa mgonjwa, na mbadala upo: tando za ng'ombe, vijazo vya kiwandani, jino lake, damu yake.

Afrika Mashariki, vijazo vingi huagizwa kutoka nje, na bei yake iko mbali na uwezo wa watu wengi. Kwenye vituo vingi, jino linalouma hung'olewa, mgonjwa akauma pamba na kurudi nyumbani. Katika hali hiyo ni muhimu kukumbuka kwamba kihifadhi bora cha mfupa wa taya ni mzizi. Tanzania ina historia ya heshima katika jambo hili: huko ndiko ilikoanzia, katikati ya miaka ya 1980, njia ya kutibu meno kwa kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba, bila umeme wala mashine, na meno mengi duniani yameokolewa kwa njia hiyo. Hata jino lililokatika kichwa bado lina thamani. Mwaka 1978 Crum na Rooney walieleza matokeo ya miaka mitano ya kuwaachia wagonjwa mizizi ya chonge mbili za taya la chini, iliyotibiwa na kukatwa usawa wa ufizi, kisha kuwavisha meno ya bandia juu yake. Sehemu ya mbele ya taya lao ilipungua wastani wa milimita 0.6. Waliong'olewa yote walipoteza milimita 5.2. Hakuna kijazo kinachouzwa chenye rekodi kama hiyo, na mizizi miwili haiagizwi kutoka nchi yoyote.

Kwa hiyo mazungumzo ya kuhifadhi mfupa yana saa yake, na saa hiyo ni kabla ya sindano ya ganzi. Anayekwenda kung'olewa jino na aulize kwanza kama mzizi unaweza kutibiwa na kubaki. Kama hauwezi, aulize ni nini kitakachowekwa kwenye pengo, na lini. Jibu la swali hilo la pili ndilo linaloamua kama tundu lijazwe siku hiyo au liachwe na damu yake.